Mweusi wa Coburg: Maswali Yenu Kuhusu Ngao na Bendera ya Mji wa Ujerumani

Picha ya ngao ya Coburg tuliyoitoa katika toleo lililopita imeleta barua nyingi kuliko tulivyotazamia. Kwa ambao hawakuiona: ni ngao ya njano yenye kichwa cha Mwafrika kilichochorwa kwa upande, nywele za kipilipili, hereni ya dhahabu sikioni. Coburg ni mji wa kaskazini mwa Bavaria, wenye wakazi elfu arobaini na kitu. Barua zinazofanana tumeziunganisha, na zilizouliza habari za kushona bendera tumezipa nafasi yake.

Swali: Ndugu Mhariri, huku kwetu bado tunaulizia fuvu la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Leo mnatuonyesha mji wa Ujerumani unaopeperusha kichwa cha Mwafrika. Je, hiki si kichwa cha mateka wetu walichokifanya pambo? *Msomaji, Songea*

Jibu: Ndugu yetu, swali la mafuvu ni la haki na bado linadai majibu, ila ngao hii haihusiki nalo. Wajerumani walianza kujitwalia pwani na bara letu mwaka 1885, na Vita vya Maji Maji ni vya 1905 hadi 1907. Kichwa cha Coburg kilikuwa alama ya mji tangu Enzi za Kati, karne nyingi kabla Mjerumani yeyote hajatia nanga Bagamoyo.

Aliyechorwa ni Mtakatifu Morisi, kwa Kilatini Mauritius. Masimulizi ya Kanisa yanasema alikuwa jemadari wa kikosi cha askari wa Kirumi waliotoka Thebe, Misri ya Juu. Mwishoni mwa karne ya 3, chini ya Kaisari Maximiano, kikosi hicho kilikataa kutoa sadaka kwa miungu ya Roma na kuwatesa Wakristo wenzao, kikauawa mahali palipoitwa Agaunum. Leo pale ni mji wa Saint-Maurice, Uswisi. Sikukuu yake ni tarehe 22 Septemba.

Kwa muda mrefu wachoraji hawakumpa rangi maalumu. Jina lake ndilo lililomvuta upande wa Afrika: *Maurus* kwa Warumi alikuwa mtu wa Mauretania, yaani Afrika ya kaskazini-magharibi, na baadaye neno likachukuliwa kuwa mtu mweusi yeyote. Badiliko kubwa lilitokea Magdeburg. Katika kanisa kuu la mji huo, ambalo Morisi ni msimamizi wake, ilichongwa kati ya mwaka 1240 na 1250 sanamu ya jiwe ya shujaa mwenye deraya ya chuma na uso wa Kiafrika usio na mzaha wowote: pua, midomo na macho ya mtu halisi. Kutoka hapo Morisi mweusi akaenea Ujerumani ya kati na mashariki.

Coburg walimpata kupitia kanisa lao kubwa, St. Moriz. Mji wa zamani ukihitaji muhuri uliweka alama ya mtakatifu wake: Bremen waliweka ufunguo wa Petro, Coburg wakaweka kichwa cha Morisi. Na kuna jambo la kutazamwa hapa. Coburg waligeukia mafundisho ya Luther mapema sana, na Luther mwenyewe alikaa katika ngome ya mji huo miezi kadhaa mwaka 1530. Waluteri hawaombi kwa watakatifu. Hata hivyo mtakatifu alibaki kwenye ngao, kwa sababu kufikia hapo alikwisha kuwa alama ya mji zaidi ya alama ya ibada.

Swali: Nimewahi kuona kichwa kama hicho kwenye nembo ya Papa Benedikto wa 16. Ni kile kile? *Msomaji, Bukoba*

Jibu: Hapana. Kichwa cha Papa Benedikto kimevaa taji, na kinatoka Freising, uaskofu wa zamani karibu na Munich. Alikuwa Askofu Mkuu wa München na Freising kuanzia 1977 hadi 1982, akaondoka na alama hiyo. Ukitaka kuvitofautisha kwa haraka: chenye taji ni cha Freising, chenye kitambaa kilichofungwa kwenye paji la uso ni cha Corsica au Sardinia, visiwa vya Mediterania, kisicho na taji wala kitambaa, chenye hereni, juu ya njano, ni cha Coburg.

Swali: Ni kweli kwamba Wanazi walikifuta? Na je, beji ya ngao yao mpya naweza kuinunua mnadani nikaiuza? *Msomaji, Dar es Salaam, mkusanyaji wa vitu vya kale*

Jibu: Ni kweli. Coburg uliwahi kuwa mji wa mbele kabisa kwa chama cha Hitler: mwaka 1929 chama hicho kilipata wingi wa viti katika baraza la mji, jambo ambalo hakikuwa kimelipata katika mji mwingine wowote wa Ujerumani, na mwaka 1932 mji ukamfanya Hitler raia wa heshima. Kwa watu waliohubiri ubora wa damu yao, kubeba kichwa cha mtu mweusi kwenye kila barua ya serikali kulikuwa aibu. Mwaka 1934 kichwa kikaondolewa. Badala yake ikachorwa ngao iliyogawanywa wima, nusu nyeusi nusu dhahabu, na katikati upanga wenye msalaba wa swastika kwenye kitako cha mpini. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1945, ngao ya upanga nayo ikaondoka na Morisi akarudi.

Kuhusu beji: kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya Ujerumani kinakataza kusambaza au kuonyesha hadharani alama za chama hicho, na adhabu ni faini au kifungo hadi miaka mitatu. Elimu, utafiti, sanaa na utoaji wa habari vina msamaha. Kwa hiyo kitabu cha historia kinaweza kuichapisha picha hiyo. Wewe ukiipiga picha ukaitangaza mtandaoni kwa wanunuzi wa Ujerumani bila kuifunika swastika, umejitia matatani. Wauzaji wanaojua kazi yao huiziba alama hiyo kwa kibandiko kabla ya kupiga picha.

Swali: Kama ni mtakatifu, kwa nini basi kuna watu weusi wa Ujerumani wanaotaka ngao ibadilishwe? *Msomaji, Mombasa, na wengine wanne*

Jibu: Kwa sababu kuna vitu viwili vinavyochanganywa: mtakatifu, na namna alivyochorwa. Mwaka 2020, wakati wa maandamano yaliyofuata kuuawa kwa George Floyd huko Minneapolis, ulizuka mtandaoni mwito wa kukusanya saini kutaka ngao ya Coburg ibadilishwe, na mara ukajibiwa na mwito mwingine wa kuitetea. Wanaolalamika wanataja midomo iliyonenepeshwa, nywele na hereni, na kwamba mtu mzima amefanywa kichwa kitupu kinachobandikwa kila mahali, hadi kwenye mifuniko ya chemba za barabarani. Wanalalamikia pia neno *Mohr*, ambalo ndilo jina la mitaani la alama hiyo. Neno hilo limetokana na lile *Maurus*, lakini kwa Mjerumani mweusi wa leo ni neno la kudunisha. Wanaoitetea wanajibu kwamba waliokiondoa kichwa mara ya mwisho walikuwa Wanazi. Ngao haijabadilishwa.

Maoni yetu ni haya. Hoja kwamba waliokiondoa ni Wanazi ina uzito, lakini haimalizi mjadala, kwa sababu katika elimu ya ngao kuna njia ya tatu ambayo pande zote mbili huisahau. Ngao ni maneno kwanza, mchoro baadaye. Maandishi ya ngao yanasema kilichomo na rangi zake; hayasemi midomo iwe na unene gani. Mchoraji anaweza kukichora kichwa kile upya kwa kufuata uso wa sanamu ya Magdeburg, na ngao ikabaki ile ile kisheria. Hereni itabaki, maana imetajwa kwenye maandishi. Miji mingi hufanya hivyo bila kelele. Munich wamemchora upya mtawa aliye kwenye ngao yao mara kadhaa, na mchoro wanaoutumia sasa ni wa mwaka 1957.

Swali: Mnaposema "maneno kwanza" mna maana gani? Mimi ni mchapaji. Mteja ananiletea picha, haniletei maneno. *Msomaji, Nairobi*

Jibu: Ndipo makosa yanapoanzia. Chukua Ngao ya Taifa ya Tanzania, ile tunayoiita Bibi na Bwana. Ukiambiwa "mwanamume na mwanamke wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, wameishika ngao, karafuu miguuni pa mwanamume na pamba miguuni pa mwanamke", unaweza kuichora kwa mtindo wako na kila Mtanzania akaitambua. Ukisahau karafuu, si mtindo tena, ni kosa. Ngao za miji ya Ujerumani zinafanya kazi vivyo hivyo. Maelezo ya Coburg ni mafupi: *uwanja wa dhahabu, kichwa cheusi cha Mtakatifu Morisi chenye hereni ya dhahabu.* Basi.

Ukiwa na maneno hayo, zingatia haya.

Dhahabu maana yake njano, na fedha maana yake nyeupe. Usitumie wino wa kung'aa wa dhahabu, hasa kwenye kitambaa: juani hufifia ukawa kama udongo, na kwenye karatasi ya kawaida huonekana kahawia. Njano safi ndiyo sahihi. Wachapaji wa Ujerumani wengi huchukua njano ya bendera ya taifa lao, RAL 1021, pamoja na nyeusi RAL 9005 (RAL ni orodha ya Kijerumani ya namba za rangi), na huko hukosei sana.

Kanuni ya pili: dhahabu na fedha huitwa metali, nyekundu, buluu, kijani na nyeusi huitwa rangi. Metali haikai juu ya metali, wala rangi juu ya rangi. Sababu ni ya macho tu. Njano juu ya nyeupe haionekani kwa mbali, na buluu juu ya nyeusi ni giza juu ya giza. Nyeusi juu ya njano ya Coburg ni kati ya mchanganyiko unaoonekana kutoka mbali kuliko yote.

Lakini tazama ile hereni. Ni ya dhahabu, na uwanja nao ni wa dhahabu. Ikiwa imelalia shavu au shingo inaonekana vizuri. Ikining'inia ikavuka ukingo wa shingo inazama kwenye njano na kupotea. Wachapaji wengi huipoteza hapo, hasa kwenye beji ndogo. Dawa ni moja kati ya mbili: irudishe ndani ya weusi wa shingo, au izungushie mstari mweusi mwembamba. Kwa beji ya sentimita 2, mstari usipungue milimita 0.3, la sivyo hautatoka.

Ukiombwa uichape kwa rangi moja, kwa mfano kwenye muhuri, usijaze kijivu. Kuna utaratibu wa mistari uliotumika Ulaya tangu karne ya 17: dhahabu ni nukta, fedha huachwa wazi, nyekundu ni mistari ya wima, buluu ni mistari ya kulala, nyeusi ni mistari inayokatana au wino kamili. Kwa Coburg utanyunyizia nukta kwenye uwanja na kukijaza kichwa wino. Mjuzi akiona nukta atajua ni dhahabu.

Swali: Kulia na kushoto kwenye ngao kunanichanganya. *Msomaji, Kigoma*

Jibu: Hesabu kama aliyeibeba ngao, si kama anayeitazama. Upande wa kuume wa ngao uko mkono wako wa kushoto wewe mtazamaji. Mtawa wa Munich anashika kitabu chekundu kwa mkono wa kushoto na kuinua wa kulia. Kwenye picha, kitabu utakiona upande wako wa kulia. Kwenye bendera upande wa kuume huwa ule wa mlingoti, ndiyo maana dubu wa bendera ya Berlin anautazama mlingoti. Ukimgeuza anaonekana anakimbia.

Swali: Kwaya yetu hapa Bavaria inataka bendera ya kuning'iniza wima ukumbini, yenye rangi za Coburg na ngao yake. Fundi cherehani tunaye. Tupeni vipimo. *Msomaji, Nürnberg*

Jibu: Kwanza rangi. Kwa desturi ya Ujerumani rangi za mji hutolewa kwenye ngao: hutangulia rangi ya alama, hufuata rangi ya uwanja. Kwa kanuni hiyo ngao ya Coburg inatoa nyeusi na njano. Si kila mji unafuata desturi hii. Mtawa wa Munich anasimama juu ya nyeupe, ilhali rangi za mji ni nyeusi na njano, zilizochukuliwa kutoka Dola Takatifu la Roma. Kwa hiyo mji mwingine wowote mtakaoutaka baadaye, ulizeni ofisi yake kwanza.

Bendera ya kuning'inia wima ni jambo la kawaida sana Ujerumani, kuliko kwetu, na ina kanuni yake: usichukue bendera ya kulala ukaizungusha. Mistari ya rangi inageuka, lakini ngao hubaki imesimama. Rangi iliyokuwa juu huwa kushoto kwa mtazamaji. Nyeusi kushoto, njano kulia.

Tuchukue bendera iliyokamilika ya sentimita 120 kwa 300. Kitambaa kiwe cha polyester ya bendera, gramu 110 kwa mita ya mraba. Pamba inapendeza ukumbini lakini ikitolewa nje mvua moja inaiharibu. Kateni vipande viwili, cheusi na cha njano, kila kimoja upana wa sentimita 64.5: hizo ni 60 za kuonekana, 3 za pindo la pembeni na 1.5 za mshono wa katikati. Urefu kateni 318: 300 za bendera na 9 juu, 9 chini, kwa ajili ya mapindo ya kupitishia fimbo, yaani 8 za kukunja na 1 ya kuingiza ndani ukingo usichanike.

Unganisheni vipande kwa mshono wa kulalia, sentimita 1.5 zikikunjwa upande wa cheusi. Zikikunjwa upande wa njano, weusi utaonekana kwa ndani kama kivuli mwanga ukipita. Uzi wa polyester, sindano namba 90, hatua ya mshono milimita 2.5 hadi 3. Mishono ya karibu zaidi ya hapo hutoboa kitambaa kama stempu na huchanika kwa mstari. Pindo za pembeni zikunjwe mara mbili na kupigwa mistari miwili.

Kisha ngao. Iwekeni sehemu ya juu, si katikati kabisa: ukingo wake wa juu uwe sentimita 45 hivi kutoka juu ya bendera, urefu wake 75, upana 62 hadi 65. Chini ya bendera hujikunja na watu husimama mbele yake; juu ndiko kunakoonekana. Hapa kuna mtego wa Coburg mahsusi. Ngao ni ya njano, na nusu ya bendera ni ya njano, basi upande mmoja wa ngao utamezwa. Zungusheni ngao ukanda mweusi wa sentimita 1 hadi 1.5. Na kwa kuwa nusu nyingine ya bendera ni nyeusi, ukanda utapotea kule lakini njano ya ngao yenyewe itajitokeza, kwa hiyo umbo zima linasomeka.

Mkiamua kuchapa badala ya kushona, jueni kwamba mchapo wa upande mmoja hupenya upande wa pili ukiwa umegeuka na umefifia, kama kitenge cha bei nafuu kilivyo kwa ndani. Kwa ukutani hakuna neno. Kwa mlingoti, kichwa kikigeuka nyuma ni sawa kabisa, maana kinaendelea kuutazama mlingoti. Kisichofaa ni maandishi. Kama mnataka jina la kwaya liandikwe, liwe kwenye bendera ya ukutani tu, au mlipie vitambaa viwili na kizuizi cha mwanga katikati, nayo itakuwa nzito na ngumu kupepea.

Fimbo ya juu: mti wa kipenyo cha sentimita 2.5, mrefu kuliko bendera kwa 5 kila upande. Fimbo ya chini iwe nzito kidogo, bomba la alumini linatosha, la sivyo bendera itajipinda kama mkeka mpya.

Swali: Tunaruhusiwa kweli kuitumia ngao ya mji? Hatuuzi kitu. *Huyo huyo wa Nürnberg*

Jibu: Ombeni. Sheria ya manispaa ya Bavaria, iitwayo Gemeindeordnung, kifungu cha 4, inasema wazi kwamba mtu wa nje anaweza kutumia ngao na bendera za manispaa kwa ruhusa yake tu. Haitofautishi anayeuza na asiyeuza. Andikeni barua kwa uongozi wa mji, mweleze ninyi ni nani, bendera itatumika wapi na kwa muda gani, na mwambatishe mchoro wenye vipimo. Mchoro ndio unaoharakisha jibu, kwa sababu wanachohofia ni watu kudhani tangazo lenu limetoka kwa serikali. Kwa sababu hiyo hiyo, msiiweke ngao juu ya karatasi ya barua ya kwaya, mahali pale mji unapoiweka yake.

Watu huchanganya ruhusa hii na haki ya mchoraji. Ngao rasmi kama kazi ya sanaa haina mwenye kuidai malipo. Kuichapisha kwenye makala kama hii, au mwalimu kuichora ubaoni, hakuna shida. Kinacholindwa ni matumizi yanayokufanya uonekane ni mji, au umetumwa na mji.

Kifungu hicho hicho kinaonyesha jinsi Wabavaria wanavyoichukulia ngao kwa uzito. Manispaa inayotaka ngao mpya au kubadilisha ya zamani lazima ipate ushauri wa ofisi kuu ya nyaraka za serikali ya jimbo, na isipotaka kuufuata ushauri huo, mchoro upelekwe kwa mamlaka inayoisimamia. Isiyo na ngao yake hutumia ngao ndogo ya jimbo kwenye muhuri. Kwa hiyo hata Coburg wakiamua kesho, hawawezi kubuni wanachotaka usiku mmoja.

Swali: Bendera yetu ya nje huchanika kona ya chini baada ya wiki chache tu. Fundi ndiye mbaya? *Msomaji, Tanga*

Jibu: Huenda fundi hana kosa. Kona ya chini, ile ya mbali na mlingoti, ndiyo inayopigwa kama mjeledi, na kwenye upepo wa bahari kama wenu haipumziki. Angalieni kwanza kama inagusa ukuta, tawi au waya wa kushikilia mlingoti. Halafu pindo: la mkunjo mmoja halifai, linahitaji mikunjo miwili na mistari mitatu au minne ya uzi, pamoja na kipande cha pembetatu cha kuimarisha kona. Urefu wa bendera ya wima usizidi nusu ya mlingoti. Kwa mita 6, mita 3 zinatosha. Upepo ukizidi kilomita 40 kwa saa, ishusheni.

Nyuzi zikianza kutoka, msingoje. Kateni sentimita 5 zilizochakaa, pindeni upya. Bendera moja huvumilia kukatwa hivyo mara mbili, baada ya hapo vipimo vinapotoka na ngao inaonekana imeshuka. Ikilowa msiiviringishe, kwa unyevu wa pwani siku mbili zinatosha kuleta ukungu, na madoa yake kwenye njano hayatoki.

Swali: Tukiwa na milingoti minne, bendera ya mji inakaa wapi? *Msomaji, Hamburg*

Jibu: Mwisho. Ukitazama jengo kutoka barabarani, kuanzia kushoto: Ulaya, Ujerumani, jimbo, mji. Hapo kwenu Hamburg mji wenyewe ni jimbo, kwa hiyo milingoti mitatu inatosha, na wa nne mnaweza kuwapa wageni. Dar es Salaam ni mji dada wenu tangu 2010. Na mkimwalika mtu wa Bremen, mwekeni mbali na ngao yenu ya lango: yao ina ufunguo, na hawachoki kusema Hamburg ni lango la dunia lakini ufunguo uko kwao.